Msitu wa Kiungani: Maneno Yetu ya Miti, Njia na Matembezi

Kaskazini mwa jiji la Nairobi, kati ya Muthaiga, Gigiri na Barabara ya Kiambu, umekaa msitu wa Karura wenye ukubwa wa hekta zipatazo 1,041. Mtu hulipa kiingilio langoni, akashika njia chini ya miti. Hupita maporomoko ya maji, mapango, mianzi na ziwa dogo lenye mayungiyungi, kisha hutoka akakutana tena na honi za matatu. Humo hamna simba wala tembo, kwa hiyo mahali hapo si mbuga kama watu wengi wanavyolielewa neno hilo. Hamna vitalu vya maua vilivyopangwa, kwa hiyo si bustani. Mikaratusi imo, lakini msitu mzima si shamba la miti ya mbao. Basi mahali pa namna hii Kiswahili kipaite nini?

Swali hili haliwahusu wanaisimu peke yao. Misitu ya aina ya Karura iko jirani na miji yetu mingi. Wakazi wa Dar es Salaam wana Pugu na Kazimzumbwi, upande wa Kisarawe. Nairobi yenyewe ina Ngong pia. Unguja kuna Jozani, makazi ya kima punju, na karibu na Malindi kuna miti mikubwa iliyoyafunika magofu ya Gede. Watu huenda huko kutembea, kupumua, kuwaonyesha watoto ndege na vipepeo. Vibao wanavyovikuta njiani mara nyingi havisemi lugha yao, na vinapoisema, maneno yake yanaonekana yalitafutwa dakika ya mwisho. Hali hiyo haina sababu. Kiswahili kimeishi na miti kwa karne nyingi, na maneno kinayo tele. Kinachotakiwa ni kuyachagua kwa makini, maana jina linaloandikwa langoni huwaambia watu msitu ni wa nani na wanaruhusiwa kuufanyia nini.

Msitu na nduguze

Msitu na mwitu ni maneno ya ukoo mmoja. Wakikuyu na Wakamba wana mutitu, na msikilizaji makini atausikia undugu huo hata kama hajui lugha hizo. Katika Kiswahili cha leo ndugu hawa wamegawana kazi. Msitu ni mahali, yaani eneo la miti mingi iliyosongamana hadi jua likifika chini kwa vipande. Mwitu imekuwa zaidi sifa, ndiyo maana tuna nguruwe mwitu, paka mwitu na mbwa mwitu, viumbe ambao mwanadamu hakuwafuga. Mgawanyo huo una manufaa makubwa. Mashamba ya misonobari ya Sao Hill, kule Mufindi, ni msitu, lakini si mwitu, kwa kuwa kila mti ulipandwa kwa mstari. Kichaka kilichoota chenyewe kando ya reli ni cha mwitu, ila hakijafikia kuwa msitu. Mwandishi anayetumia maneno haya mawili kana kwamba ni kitu kimoja anaipoteza tofauti ambayo lugha ilikwisha mpa bure.

Kichaka nacho kina mkubwa wake, chaka. Wagiriama husema tsaka, na kwao neno hilo hutosha kabisa kuutaja msitu mkubwa. Ndivyo wanavyoweza kuutaja hata Arabuko-Sokoke, wenye kilomita za mraba zipatazo 420, ambao ndio mkubwa kuliko misitu yote mikavu ya pwani iliyosalia Afrika Mashariki. Mswahili wa mjini anaposikia chaka hufikiria mahali pa kujificha mwizi. Mgiriama anaposikia tsaka hufikiria dawa, asali, kuni na mipaka ya wazee. Sauti ni karibu moja, lakini kila mmoja amelijaza neno maisha yake.

Pori ni neno lenye lawama ndani yake. Shamba lisilopaliliwa tunasema limekuwa pori, na anayeambiwa hivyo huona aibu. Kwa hiyo msitu ukiitwa pori katika mkutano wa kijiji au katika maombi ya ardhi, masikio husikia mahali panapongoja mwenyewe, mahali ambapo kazi bado haijaanza. Nyika ni nchi kavu ya miiba na vichaka iliyo nyuma ya pwani. Hapo zamani watu wa mwambao waliwaita majirani zao Wanyika, jina lenye dharau, na wenyewe wakalikataa wakajiita Mijikenda. Historia hiyo yatosha kutuonya kwamba neno la uoto linaweza kugeuka tusi kwa watu wanaoishi humo.

Halafu kuna mbuga. Usukumani na Unyamwezini, mbuga ni bonde tambarare la udongo mweusi unaoshika maji wakati wa masika. Katika Kiswahili kwa jumla ni uwanda mpana wa nyasi, na msemo wa kuchanja mbuga unatokana na mtu anayeukata uwanda huo kwa mwendo wa haraka. Kwa kuwa wanyama wakubwa hupenda nyasi, ikazaliwa "mbuga ya wanyama", na leo jina hilo hubandikwa hata juu ya mlima wenye theluji. Neno lililotaja umbo la ardhi limefanywa kutaja utawala wa ardhi. Sheria za Tanzania zimelikwepa tatizo hilo kwa kusema Hifadhi ya Taifa. Nchini Kenya vyombo vya habari bado vinashikilia mbuga. Kwangu mimi Watanzania wamechagua vizuri zaidi, kwa sababu wametuachia mbuga iendelee kuwa mbuga.

Kuhifadhi na kuweka akiba

Hifadhi ni neno la Kiarabu lililokwisha ota mizizi kwetu, na Waswahili hulijua kwanza kwa njia ya chuoni. Mtoto huhifadhi sura moja, kisha nyingine, hadi Kurani nzima ikae moyoni, hivyo kwamba hata karatasi ikipotea maneno yabaki. Neno hilohilo ndilo lililochukuliwa kutaja misitu na wanyama wanaolindwa. Tanzania ina Hifadhi za Taifa, na ina Hifadhi za Mazingira Asilia, mojawapo ikiwa Amani katika Usambara Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1997. Askari na wataalamu wake huitwa wahifadhi, na mkuu wao ni Kamishna wa Uhifadhi.

Pembeni mwa hifadhi yapo majina mengine mawili yanayostahili kuangaliwa, Pori la Akiba na Pori Tengefu. Akiba ni kitu unachokiweka ili ukitumie siku ya mbele, na wahenga wakatuambia kwamba akiba haiozi. Ndani ya Pori la Akiba uwindaji wa kitalii kwa leseni huruhusiwa, kwa hiyo jina linasema kweli: wanyama wamewekwa, na baadhi yao watatumika. Ndani ya Hifadhi ya Taifa uwindaji umekatazwa. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya Pori la Akiba la Selous ilipofanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, mabadiliko ya jina yalikuwa mabadiliko ya matumizi ya bunduki. Tengefu linatokana na kutenga, kuweka mbali na vingine. Waliobuni istilahi hizi walifanya kazi ya kuheshimiwa. Kila neno lina kiwango chake cha ulinzi, na msomaji wa kawaida anaweza kukikisia bila kufungua kitabu cha sheria.

Hata hivyo hifadhi imepata shida moja. Kwa wanavijiji wengi wanaopakana na misitu neno hilo limekuja kumaanisha uzio, askari na faini. Wakisikia eneo limefanywa hifadhi, huelewa kwamba wao wametolewa. Maana ya chuoni ingeweza kututoa katika shida hiyo. Anayehifadhi sura asipoidurusu humtoka. Hurudia asubuhi na jioni, na kurudia huko ndiko kunakoiweka hai. Msitu nao unahitaji watu wanaourudia, wanaojua jana palikuwa na mti gani na leo pana kisiki gani. Njia za kutembea ndizo durusu ya msitu.

Karura yenyewe ni ushahidi. Ulitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932, lakini kufikia mwaka 1998 sehemu zake zilikuwa zimekwisha gawiwa wajenzi wa majumba, na katika makaratasi yao msitu ulikuwa umegeuka ploti. Profesa Wangari Maathai na wenzake walikwenda kuotesha miche mahali palipokatwa. Tarehe 8 Januari 1999 walishambuliwa na watu waliokodiwa, naye akapigwa kichwani hadi akatokwa damu. Ubishi mzima ulikuwa juu ya neno gani litumike, msitu au ploti, na kila neno lilikuwa na watu wake. Msitu ulishinda. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 ikawapa wananchi nafasi ya kuunda jumuiya za kushirikiana na serikali katika kuitunza misitu, na Marafiki wa Karura wakaundwa kwa njia hiyo. Mahali ambapo zamani watu waliogopa kuingia kwa sababu ya majambazi, sasa familia huingia na vikapu vya chakula.

Kaya

Yapo maneno yanayokataa kabisa kuutenganisha msitu na watu, na la kwanza kati yao ni kaya. Katika sensa ya Tanzania kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja, na karani huanza kwa kumuuliza mkuu wa kaya. Kwa Wamijikenda wa Kilifi na Kwale, kaya ni msitu. Maana hizi mbili zinakutana katika historia. Makaya yalikuwa vijiji vyenye boma, vilivyojengwa katikati ya miti minene kwa ajili ya usalama. Watu walipohamia nje kulima, miti ilibaki kuwa mlinzi wa makaburi, wa mahali pa baraza la wazee na wa fingo, ile kinga iliyofukiwa ardhini. Mwaka 2008 UNESCO iliyaandikisha makaya kadhaa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Mtu anayetembelea kaya hujifunza pia kwamba njia inaweza kuwa na adabu yake. Kaya Kinondo, kusini mwa Mombasa, mgeni hufungwa kitambaa cheusi kiunoni kabla ya kuingia, humfuata mwenyeji, na hachumi jani wala haokoti kijiti. Hatoki nje ya njia. Sheria ya wazee na sheria ya mtaalamu wa uoto hapa zinapatana, kwa sababu mguu unaotoka njiani ndio unaokanyaga mche. Tofauti ni kwamba mzee wa kaya hahitaji kuandika "usikanyage". Neno kaya limekwisha sema kwamba hii ni nyumba ya watu, na nyumbani kwa watu hakuingiwi ovyo.

Njia, panda na ushoroba

Kiswahili kina methali isemayo kwamba njia ya siku zote haina alama. Anayeipita kila siku haihitaji, kwa kuwa miguu inaijua. Alama ni haki ya mgeni. Kila msitu unaofungua milango yake kwa wageni unapaswa basi kuwa na lugha ya alama, na lugha hiyo tunayo tayari.

Njia ni jina la jumla. Ikiwa nyembamba, ya mtu mmoja kumfuata mwenzake, ni ujia au kijia. Ikipita mahali palipobana kati ya miti au miamba ni upenyo. Ile inayofupisha safari ni njia ya mkato, na misituni hiyo ndiyo adui, maana kila njia ya mkato huanza kwa mtu mmoja kisha mvua huigeuza korongo. Inayomrudisha mtu alikoanzia ni njia ya mzunguko. Ile mbao iliyoinuliwa juu ya tope la mikoko, kama ilivyo Jozani na katika Hori ya Mida, inafaa kuitwa njia ya ubao, na kila mtu ataelewa. Eneo lililofyekwa kwa mstari ulionyooka ili kupitisha nyaya za umeme, bomba au mpaka wa msitu lina jina lake la kazi, mkuza. Wapima ardhi na mabwana misitu hulitumia kila siku, lakini mtembeaji huuona mstari huo wazi na kushangaa umetoka wapi. Kibao kimoja chenye neno mkuza kingemfundisha.

Njia zinapogawanyika tunapata njia panda, na hapa msitu umeingia ndani kabisa ya lugha. Panda ni mahali mti unapogawanyika kuwa matawi mawili. Mtoto hukata panda ya mpera akatengeneza manati. Njia panda, kwa hiyo, ni njia iliyogawanyika jinsi mti unavyogawanyika. Karura njia panda zimepewa namba zilizoandikwa juu ya vibao, na namba hizo humsaidia mtu kujua alipo kwenye ramani. Ni utaratibu mzuri. Ungekuwa bora zaidi kama kila panda ingepewa pia jina, la mti uliopo hapo au la mto ulio karibu, kwa sababu watu husimuliana majina na husahau namba.

Neno ninalolipenda kuliko yote katika kundi hili ni ushoroba. Ni njia nyembamba ya kupita kati ya nyumba na nyumba, au kati ya vyumba. Wanyamapori walipoanza kukosa njia za kuhama kutoka hifadhi moja hadi nyingine, wataalamu wa Tanzania walihitaji istilahi ya ukanda unaoziunganisha. Wakalichukua neno hili la nyumbani. Leo shoroba za wanyamapori zimo katika kanuni za serikali, na ushoroba wa Kwakuchinja, kati ya Tarangire na Ziwa Manyara, unajulikana na kila mtu anayefuatilia uhifadhi. Uchaguzi huo una hekima. Mtu yeyote aliyekulia katika mji wa kale wa pwani anajua kwamba ushoroba haujengwi kibanda katikati. Ni wa kupita wote. Ukimwambia kwamba tembo naye ana ushoroba wake, ameelewa sheria nzima.

Miti iliyoipa dunia maneno

Mara nyingi tunahangaika kutafsiri istilahi za wengine tukasahau kwamba sayansi ya misitu imekopa kwetu. Ukanda mkubwa wa misitu ya wazi, unaoanzia Angola na kusini mwa Kongo, ukapita Zambia, Malawi na Msumbiji hadi Tanzania, unaitwa na wanasayansi wa dunia nzima miombo. Lilikuwa jina la mti katika lugha za Kibantu, na sasa ni istilahi ya kimataifa isiyohitaji tafsiri. Miombo si msitu mnene. Matawi yake hugusana bila kufunika anga, na nyasi huota chini. Kabla ya mvua kuanza majani machanga hutoka mekundu na ya rangi ya shaba, na nchi nzima huonekana kana kwamba imewaka. Tabora imejulikana kwa asali kutokana na miti hiyohiyo.

Kaskazini mwa pwani, ndugu wa miombo huitwa mrihi. Ndani ya Arabuko-Sokoke unamea juu ya mchanga mweupe, na anayetembea huko hutambua mara moja kwamba amevuka mpaka. Kwenye udongo mwekundu miti imesongana na kiza kimetanda, lakini kwenye mrihi kuna nafasi na mwanga. Katika msitu huo anaishi mnyama mdogo mwenye pua ndefu na manyoya ya dhahabu kwenye matako, anayejenga kiota cha majani makavu ardhini. Kamusi za Kiswahili humwita sange. Wanasayansi walipogundua kwamba yeye na nduguze hawana undugu na wanyama wa Ulaya waliokuwa wamefananishwa nao, walihitaji jina jipya lisilopotosha, nao wakachukua sengi kutoka katika lugha za Kibantu za huku. Kwa hiyo mwanafunzi wetu anapolisoma neno hilo katika kitabu cha Kiingereza, anasoma neno la nyumbani kwao lililokwenda likarudi.

Miti mingine hutuonyesha jinsi jina moja linavyoweza kuunganisha nchi. Wapwani huita muhuhu mti mmoja mgumu, wenye mbao za kunukia, ambao wachonga vinyago wameutafuta hadi ukaadimika katika misitu ya pwani. Wakikuyu huuita muhugu, nao ni mmoja wa miti ya asili ya Karura. Mtoto wa Gede na mtoto wa Kiambu wanaujua mti uleule kwa jina karibu lilelile, lakini kama kibao kimeandikwa jina la Kilatini pekee hawatagundua kamwe. Mbambakofi ni mbao ya milango ya Waswahili. Msandarusi ulitoa ulimbo uliovushwa bahari katika karne ya 19, ukatengenezwa vanishi ya kung'arisha samani huko Marekani na Ulaya. Mpingo unapulizwa katika zumari na klarineti za dunia nzima. Kila jina kati ya haya lina biashara, ufundi na safari ndani yake. Jina la Kilatini ni la lazima kwa mtaalamu, na liandikwe. La Kiswahili na la wenyeji yatangulie, kwa herufi kubwa zaidi.

Kutembea, kutalii, kupunga upepo

Mtembeaji naye ana maneno yake. Kutembea kwetu ni zaidi ya kusogeza miguu. Tunasema fulani amekwenda kutembea kwa shangazi yake, tukimaanisha amekwenda kumjulia hali na kukaa naye. Matembezi yana ugeni na heshima ndani yake, na anayekwenda msituni kwa roho hiyo hujibeba tofauti na anayekwenda kuupita tu.

Kutalii leo linasikika kama neno la mtu mwenye kamera na dola, ingawa asili yake ya Kiarabu inahusu kusoma na kuchunguza. Kwa maana hiyo mtalii wa kwanza wa msitu ni mwanafunzi anayegeuza jani kuangalia mgongo wake. Naye mwanakijiji wa Gede anayefuga vipepeo katika mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993, akiwauza nje wakiwa bado ndani ya vifuko vyao, ametalii msitu kuliko mgeni yeyote. Anajua kila kiwavi hula jani la mti gani, na kwa sababu hiyo hataki mti huo ukatwe.

Kisha kuna kupunga upepo. Lugha yetu ina upepo unaovuma na ina pepo wanaompanda mtu, na kitenzi kimoja, kupunga, kinawahudumia wote wawili. Kupunga pepo ni kumwondolea mgonjwa kinachomsumbua. Kupunga upepo ni kutoka nje ukapata hewa, ukarudi mwepesi. Miji yetu imejaa moshi, kelele na wasiwasi, na waliokuwa wakipunga upepo ufukweni au barazani sasa wanahitaji mahali pengine pa kwenda. Ningefurahi kuona neno hili langoni mwa kila msitu wa mjini, kwa sababu linataja haja halisi ya watu.

Kwa nini kiunga

Narudi katika swali la jina. Wazee wa mwambao wana neno kiunga. Kamusi hulieleza kwa maana mbili zinazogusana, ukingo wa mji, na shamba la miti, hasa ya matunda, lililo karibu na mji. Watangazaji wa habari wameihifadhi maana ya kwanza, husema tukio limetokea viungani mwa jiji. Unguja kuna mahali paitwapo Kiungani. Maana ya pili imefifia, nayo ndiyo tunayoihitaji. Mji wa Waswahili haukuishia ghafla kwenye ukuta wa mwisho. Ulikuwa na miembe, minazi na mikwaju iliyoufungua kuelekea mashambani, na watu walikwenda huko kupumzika, kuchuma na kuzungumza.

Napendekeza basi msitu wa kiungani kuwa istilahi ya mahali kama Karura, Ngong na Pugu, yaani msitu ulio jirani na mji, uliolindwa kisheria na kuwekewa njia kwa ajili ya matembezi ya watu wote. Sipendekezi kiunga pekee, kwa kuwa wengi sasa wataelewa mtaa wa nje ya mji wenye nyumba na maduka. Neno msitu lisimame mbele ili pasiwe na shaka ni nini kinacholindwa. Bustani ya msitu ingewafanya watu wadai maua na viti. Mbuga ingewafanya waulize simba wako wapi. Hifadhi ibaki kwenye sheria, ikitaja ulinzi, na msitu wa kiungani utaje mahali penyewe na uhusiano wake na wakazi.

Jina la aina hii lina kazi ya kiserikali pia. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1968 iliyozipa halmashauri mamlaka ya kuanzisha maeneo ya wazi ya matembezi mashambani, na maeneo hayo yakapewa jina lake mahsusi kisheria. Kitu chenye jina kinaweza kuandikiwa bajeti, kuwekwa kwenye ramani ya mipango miji na kutetewa mahakamani. Kisicho na jina huonekana kama nafasi iliyosalia kati ya barabara na majumba, na tumekwisha ona Karura ilivyokaribia kuliwa kwa kuonekana hivyo.

Ombi langu ni kwa watu wa aina tatu. Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania na shirika linalosimamia misitu Kenya wawaite wazee wa vijiji na walimu wa Kiswahili kabla ya kuchora vibao, wala wasiwaite baada ya rangi kukauka. Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania (BAKITA) na wenzao wa Zanzibar na Kenya waiweke miti, njia na misitu katika ratiba zao za kusanifu istilahi, wakianza na majina ambayo watu tayari wanayatamka. Nawe msomaji, wiki hii ulizia jina la mti ulio karibu na mlango wako kwa lugha ya bibi yako, uliandike pamoja na la Kiswahili, na mpe mtoto akalisome. Kisha mchukue mtoto huyo mkatembee kwenye msitu wa kiungani ulio karibu nanyi.